Data Inapongoja Zamu Yake

Toleo la pili la USB, yaani mfumo wa kuunganisha vifaa na kompyuta ambao karibu kila mtumiaji wa kompyuta ameushika mkononi, lilichapishwa Aprili 2000 likiahidi biti milioni 480 kwa sekunde, na tangu hapo tarakimu hiyo imekuwa ikisomwa kana kwamba ni kiasi cha mzigo ambacho lazima kifike upande wa pili. Ikigawanywa kwa 8, kwa kuwa baiti moja ina biti 8, inatoa baiti milioni 60 kwa sekunde. Lakini sehemu ya biti hizo hutumika kulinganisha saa, kutaja anwani, kuhakiki makosa na kukiri mapokezi, na kanuni za mawasiliano zenyewe, yaani itifaki, haziruhusu zaidi ya pakiti 13 za baiti 512 katika kila kipindi cha mikrosekunde 125, hesabu inayoishia kwenye baiti milioni 53 na ushei kabla kompyuta halisi haijapunguza tena. Punguzo hilo linaeleweka na halimshangazi mhandisi yeyote. Linaloshangaza ni kwamba vifaa vinavyotuma sehemu ndogo tu ya kiasi hicho hupoteza data kila siku, na huipoteza pasipo kebo kukatika, pasipo taa nyekundu kuwaka, na mara nyingi pasipo ujumbe wowote kutokea kwenye kioo.

Mfano ulio wazi ni wa chipu ya RTL2832U, iliyoundwa kwa ajili ya vipokezi vidogo vya televisheni ya dijitali vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Mwaka 2012 watengenezaji wa programu huria, wakiwemo wa mradi wa Osmocom, walidhihirisha kwamba chipu hiyo inaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi ya redio badala ya picha za televisheni, na kwa hatua hiyo kifaa cha bei ya chini kikawa redio inayoendeshwa na programu, ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia kunasa matangazo ya ndege zinazotaja mahali zilipo au picha za satelaiti za hali ya hewa. Sampuli ni kipimo cha wimbi kwa nukta moja ya wakati, na katika chipu hii kila sampuli huchukua baiti 2. Kinadharia inaweza kutoa sampuli milioni 3.2 kwa sekunde, lakini watumiaji wake wamezoea kutovuka milioni 2.4 au zaidi kidogo, kwa sababu wakikaribia ukomo sampuli huanza kupotea. Sampuli milioni 2.4 ni baiti milioni 4.8 kwa sekunde, kiasi kisichofikia hata moja ya kumi ya zile milioni 53. Basi upana wa njia pekee hauwezi kuwa maelezo ya kutosha.

Maelezo yanaanzia kwenye nia ya waliobuni USB. Kampuni saba, ambazo ni Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, zilianza kazi hiyo mwaka 1994 na kutoa toleo la kwanza Januari 1996, zikikusudia kuondoa utitiri wa matundu nyuma ya kompyuta, ambako kibodi ilikuwa na tundu lake, kipanya lake na printa lake. Ili vifaa viwe rahisi kutengenezwa na nafuu kununuliwa, madaraka yote ya mawasiliano yaliwekwa upande wa kompyuta, ambayo itifaki inaiita mwenyeji, na kifaa kikanyimwa haki ya kusema kabla ya kuulizwa. Kifaa chenye data ya kutuma hakiwezi kuisukuma. Hukaa kimya mpaka mwenyeji aulize kama kuna kitu, ndipo kitoe pakiti moja, au kijibu kwamba kwa sasa hakina, kisha kinyamaze tena. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa kibodi, ambayo vidole vya binadamu huiletea herufi chache kwa sekunde, na haudhuru flashi pia, kwa kuwa anayenakili faili kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala hana cha kupoteza mwenyeji anapochelewa: data imekwisha kuandikwa, inangoja mahali pake, na kinachoongezeka ni muda wa mteja kusimama dirishani.

Antena haina subira hiyo, wala kamera ya viwandani, wala kipimo cha mitetemo ya ardhi. Vifaa vya aina hii vinapima jambo linalotokea sasa, na saa inayoendesha kigeuzi, yaani sehemu inayogeuza wimbi kuwa namba, haisimami kwa sababu kompyuta ina shughuli nyingine. Hali yao ni ya mtu anayekinga maji ya mvua kwa kopo huku akimngojea mwenye pipa aje kulimimina: mvua haipungui kwa sababu mwenye pipa amekwenda sokoni, na maji yaliyofurika hayarudi mawinguni ili yanyeshe upya. Upotevu wa data katika USB ya kasi, kwa sehemu kubwa, ni kufurika kwa namna hii. Hutokea pale data inapongoja, na ndiyo sababu anayetafuta hitilafu kwa kutazama mwendo peke yake hutazama pasipo na tatizo.

Sehemu hiyo ya kungojea huitwa bafa, nayo ni kumbukumbu ndogo ndani ya kifaa ambamo baiti hupanga foleni kwa utaratibu wa aliyetangulia kuingia kutangulia kutoka. Udogo wake ni wa kustaajabisha. Chipu ya FT232H ya kampuni ya FTDI, inayotumika sana kuunganisha vifaa vya maabara na kompyuta, inaweza katika hali yake ya kasi kubwa kupokea mpaka baiti milioni 40 kwa sekunde, ilhali bafa yake ya kila upande ni kilobaiti 1 tu. Kwa mwendo huo baiti 1,024 hujaa ndani ya mikrosekunde 26 hivi, na hata mtengenezaji akijizuia kwenye baiti milioni 20 kwa sekunde, bafa hujaa kwa mikrosekunde 51, muda usiofikia nusu ya kipindi kimoja cha USB. Mwenyeji akinyamaza kwa kipindi kimoja kizima, bafa hiyo imekwisha kujaa na kufurika kabla hajarudi.

Naye mwenyeji hunyamaza mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Ndani ya kompyuta, kazi ya kuuliza hufanywa na kidhibiti cha USB, ambacho ni saketi isiyochoka wala kusahau, lakini kidhibiti hicho huuliza tu iwapo programu imekwisha kuweka ombi, yaani imetenga nafasi katika kumbukumbu na kusema kwamba data ijazwe hapo. Nafasi ikijaa, kidhibiti humwarifu prosesa, mfumo endeshi huiamsha programu, programu huichukua data na kuweka ombi jingine. Na katika muda wote huo, kama hapakuwa na ombi la pili lililotangulia kuwekwa, hakuna anayekiuliza kifaa chochote. Mfumo endeshi wa kawaida haukuundwa kuahidi kwamba programu itaamshwa kwa wakati. Windows kwa chaguo-msingi huhesabu wakati kwa mapigo ya takriban milisekunde 15.6, na Linux ilingoja mpaka toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024, ndipo ikaingiza rasmi katika kiini chake uwezo kamili wa kutekeleza kazi kwa wakati uliokadiriwa, baada ya juhudi za takriban miaka 20. Programu ikicheleweshwa milisekunde 10 tu, muda ambao mtumiaji hawezi kuuhisi, kifaa cha baiti milioni 20 kwa sekunde kimekwisha kuzalisha baiti 200,000, ilhali kina mahali pa kuweka 1,024.

Kutokana na hayo, tiba iliyo ya kwanza kwa umuhimu ni kutomwacha mwenyeji bila ombi hata kwa kitambo. Programu iliyoandikwa vizuri huweka maombi kadhaa kwa pamoja, sita, kumi au zaidi, kila moja likiwa na nafasi yake, hivi kwamba ombi moja linapokamilika kidhibiti huhamia kwenye linalofuata bila kuingoja programu iamke. Maktaba ya libusb, ambayo waandishi wengi wa programu huitegemea, inatoa njia hiyo, lakini inatoa pia njia nyepesi zaidi ya kuomba, kungoja, kupokea na kuomba tena, na wengi huanza na hiyo nyepesi kwa sababu mistari yake ni michache na majaribio ya mwanzo hufanikiwa. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya malalamiko juu ya upotevu ingekwisha hapo. Hata hivyo, maombi mengi huhitaji kumbukumbu nyingi, na Linux kwa chaguo-msingi huweka kikomo cha megabaiti 16 kwa maombi ya vifaa vyote vya USB yanayopitia njia ya programu za kawaida, kikomo ambacho wenye kamera kubwa hulazimika kukiongeza kabla ya picha zao kutoka nzima.

Kuhusu kebo, ambayo ndiyo hulaumiwa kwanza, ukweli una mzunguko kidogo, na unastahili kufuatwa polepole. Katika uhamishaji wa shehena, ambayo ndiyo njia ya USB inayotumiwa na flashi, printa na vipokezi vingi vya redio, kila pakiti ya data husindikizwa na namba ya uhakiki ya biti 16 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Mwenyeji huikokotoa upya, na namba mbili zisipolingana hakiri mapokezi, bali huuliza tena na kifaa hurudia pakiti ileile, huku alama inayobadilishana kati ya 0 na 1 ikizuia pakiti moja isihesabiwe mara mbili. Kwa hiyo kebo mbovu haipotezi data moja kwa moja. Inapoteza muda, kwa kuwa kila marudio hula nafasi ya pakiti mpya. Na muda ukipotea, bafa iliyo nyuma hujaa, na data hupotea huko, mbali na mahali penye kasoro. Anayeona alama ya kufurika kwenye kifaa na kuhitimisha kwamba programu ni nzito anaweza kuwa anaadhibu programu kwa kosa la waya, na anayebadilisha kebo na kuona nafuu anaweza kudhani ameponya ugonjwa, ilhali amepunguza tu idadi ya marudio huku bafa ikibaki ukingoni vilevile. Njia nyingine, ambayo hupendwa na kadi za sauti na kamera nyingi za mikutano, hutengewa nafasi ya kudumu katika kila kipindi, mpaka baiti 3,072 kwa mikrosekunde 125, lakini haina marudio kabisa: pakiti iliyoharibika imepotea, na sauti huendelea ikiwa na mlio mfupi wa kukwaruza mahali pake.

Kabla ya kutibu sharti pawe na uhakika wa kupima, na kipimo kizuri kuliko vyote ni kuondoa wimbi halisi na kuweka mahali pake kihesabio, yaani saketi inayotoa 0, 1, 2, 3 na kuendelea, ili upande wa kompyuta programu iweze kugundua kila hatua iliyorukwa. Chipu ya RTL2832U ina kihesabio cha namna hiyo ndani yake, na programu ya rtl_test iliyotolewa na mradi wa Osmocom hukitumia kuripoti kwamba zimepotea baiti angalau kadhaa. Uangalifu wa neno hilo, angalau, unastahili sifa. Kihesabio hicho kina biti 8 tu, kwa hiyo hufika 255 kisha kurudi 0, na pengo la baiti 256 kamili halionekani, kwa kuwa namba inayofuata ni ileile iliyotarajiwa. Pakiti moja ya USB ya kasi ni baiti 512, ambazo ni 256 mara mbili. Maana yake pakiti nzima inaweza kutoweka, au kumi, au mia, na kihesabio cha biti 8 kikatoa ushahidi kwamba hakuna lililotokea. Anayejenga kifaa chake mwenyewe hana sababu ya kukubali upofu huo: kihesabio cha biti 32, kikiongezeka mara moja kwa kila baiti 4 na kwa mwendo wa baiti milioni 20 kwa sekunde, hakirudii namba zake mpaka zipite dakika 14.

Mapengo yakishaonekana, urefu wake huanza kusema. Pengo lenye urefu usio na mpangilio huashiria kufurika mlangoni, pale kigeuzi kilipokuwa kikileta baiti na bafa ikizikataa mpaka ilipopata nafasi. Pengo linalogawanyika kwa 512 bila baki huelekeza shaka kwenye pakiti nzima zilizotupwa, na linalolingana na ukubwa wa ombi moja, tuseme baiti 262,144, karibu kila mara ni la programu yenyewe, ambayo ilipokea data salama kisha ikaifunika kwa nyingine kabla ya kuitumia. Biti iliyogeuka pasipo pengo lolote haitokani na USB, kwa sababu namba ya uhakiki ingeikamata. Hiyo hutafutwa kwenye nyaya fupi kati ya kigeuzi na chipu. Mapengo yanayorudi kwa vipindi sawa, kama kila sekunde 5, humkumbusha mtaalamu kwamba Linux huiamsha kazi ya kumimina data kwenye diski kwa kipindi hichohicho. Tena kuna hila moja inayowachosha wengi: sampuli zikiwa za baiti 2 na baiti moja tu ikapotea, kila sampuli inayofuata huunganishwa vibaya, nusu ya hii na nusu ya ile, na rekodi yote iliyobaki husomeka kama kelele, ingawa kilichopotea ni baiti moja.

Baada ya hapo njia hugawanywa vipande. Programu huamriwa ipokee data na kuitupa papo hapo bila kuiandika popote. Mapengo yakitoweka, USB imesafishwa shaka na diski ndiyo inayotafutwa, na kwa kweli diski hustahili kutafutwa mara nyingi. Diski ya sahani zinazozunguka huhitaji milisekunde kadhaa kuhamisha kichwa chake, na nyingi za kisasa zisizo na sehemu zinazosogea huandika upesi mpaka sehemu yao ya haraka ijae, kisha hupunguza mwendo ghafla. Ndiyo maana upokeaji na uandishi hutenganishwa kuwa kazi mbili zinazokutana kwenye bafa kubwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ili ya kwanza isingoje ya pili. Hata umbo la mfumo wa faili huweza kuwa chanzo: flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4, na kwa baiti milioni 20 kwa sekunde kikomo hicho hufikiwa ndani ya dakika tatu na nusu hivi, kisha uandishi hukoma huku kila kitu kingine kikiwa kizima.

Kipimo kinachofaa kuliko wastani wa mwendo ni muda mrefu kabisa wa kungoja, na hicho hupatikana kwa kuchungulia mguu mmoja wa chipu. FT232H ina mguu uitwao TXE, ambao hushuka chini wakati chipu ina nafasi na kupanda juu wakati imejaa. Saketi ndogo pembeni inaweza kuhesabu mapigo ya saa ya megahezi 60 tangu mguu upande mpaka ushuke, na kuhifadhi hesabu iliyo kubwa kuliko zote zilizotangulia. Ikiwa usiku kucha namba hiyo imefikia mapigo 600,000, mwenyeji alinyamaza milisekunde 10 mara moja, na ukubwa wa bafa inayohitajika haukisiwi tena: ni muda huo mara mwendo wa data, pamoja na ziada ya kutosha kwa siku mbaya zaidi. Kipimo hicho lazima kichukuliwe kompyuta ikiwa katika hali yake ya kazi, programu ya kusaka virusi ikiendelea, vivinjari vikiwa wazi na hali ya kuokoa umeme ikiwa imewashwa, kwa sababu mashine iliyonyamazishwa kwa ajili ya jaribio hutoa matokeo ya mashine ambayo hakuna mtu anayeitumia. Kumbukumbu ya nje ya megabaiti 32, ambayo si ghali, humpa mwenyeji ruhusa ya kutokuwapo kwa zaidi ya sekunde moja na nusu kwa mwendo wa baiti milioni 20. Lakini bafa haitibu upungufu wa wastani: ikiwa kompyuta humaliza kidogo kuliko kinachozalishwa, bafa kubwa huahirisha tu kufurika, na hapo hakuna la kufanya ila kupunguza sampuli au kuzibana ndani ya kifaa kabla ya kuzituma.

Linabaki suala la upotevu ambao haukuzuilika, na hapa ndipo kazi nyingi za ufundi zilizo nzuri huharibika. Kifaa kinachojua kwamba bafa yake imefurika kinaweza kuweka namba ya mfuatano katika kila kifungu cha data, na programu ikaliandika pengo katika rekodi pamoja na mahali pake na urefu wake, kisha ikaweka sifuri zenye urefu huohuo ili wakati usipunguke. Ni mistari michache ya programu, lakini mara nyingi huachwa kwa sababu rekodi iliyoungwa bila alama hupendeza zaidi inapotazamwa. Katika redio ya sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, pengo la sampuli 4,096 ni milisekunde 1.7. Matangazo ya ndege kwenye masafa ya megahezi 1,090 huchukua mikrosekunde 120 kila moja, kwa hiyo pengo hilo linaweza kumeza kumi au zaidi, hasara ambayo inavumilika kwa kuwa ndege itatangaza tena baada ya muda mfupi. Pengo likizibwa kimyakimya, matangazo yote yanayofuata huonekana yamefika milisekunde 1.7 mapema kuliko ilivyokuwa. Na kwa kituo kinachoshirikiana na vituo vingine kukokotoa mahali ndege ilipo kutokana na tofauti za saa za kupokea, kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri takriban mita 300 kwa mikrosekunde, hilo ni kosa la kilomita 512.